Nilidhani ni Uchovu wa Kazi, Kumbe ni Tezi ya Shingo

 

Wiki hii nilipanga kuandika ratiba ya chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji. Nitaiandika, lakini kwanza nina deni la maelezo. Mwaka jana kuna wafugaji wa kata yangu niliowaahidi chanjo na sikufika. Wengine walisema nimekuwa mvivu. Wengine walisema nimepewa pikipiki ya serikali nimeanza kuringa. Leo naeleza kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu naamini katika vijiji ninavyopita kuna mtu mwenye tatizo kama langu ambaye hajui, na watu wa nyumbani kwake wanamwita mvivu vilevile.

Mimi ni afisa mifugo mwenye stashahada. Huku vijijini mnaniita daktari, lakini daktari wa ng'ombe si daktari wa watu. Ninayoandika hapa ni niliyopitia mwenyewe, niliyoelezwa na daktari wangu, na machache niliyosoma chuoni kuhusu tezi hii kwa mbuzi na kondoo. Ukijiona humu, nenda hospitali ukapimwe. Usinunue dawa kwa sababu ya kusoma habari yangu.

Ilivyoanza

Nafanya kazi katika kata moja mkoani Njombe. Anayepajua huku anajua baridi yake, hasa mwezi wa sita na wa saba. Kila mtu anavaa koti. Kwa hiyo nilipoanza kuvaa sweta mbili chini ya koti hakuna aliyeshangaa, hata mimi sikushangaa. Nilishtuka kidogo nilipokwenda msibani Dar es Salaam mwezi wa pili. Watu wanajipepea kwa khanga, jasho linawatoka, mimi naomba feni izimwe.

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minane wakati huo. Kila dalili niliyoipata nilikuwa na jibu lake. Nimechoka? Nanyonyesha usiku. Nywele zinakatika? Ni uzazi. Nimenenepa wakati sili sana? Ni uzazi. Choo kigumu, naenda mara mbili kwa wiki? Sinywi maji ya kutosha. Ngozi ya miguu imekauka na kupasuka kama ya mtu anayefyatua matofali? Ni baridi ya Njombe. Vidole vinakufa ganzi asubuhi? Ni pikipiki. Hedhi iliporudi ikawa nzito na ya siku nyingi, nikasema ni kawaida baada ya kuzaa.

Ukichukua moja moja, kila jibu lilikuwa na akili. Tatizo ni kwamba sikuwahi kukaa chini nikaziandika zote pamoja kwenye karatasi moja. Ng'ombe akiletwa na dalili nane, mimi mwenyewe siwezi kumpa mwenye ng'ombe sababu nane.

Sauti nayo ikabadilika, ikawa nzito na ya kukwaruza. Mfugaji mmoja alinipigia simu, nikaitikia, akasema, "Samahani kaka, naomba niongee na daktari." Tulicheka wote. Sikujua kwamba hiyo nayo ni dalili.

Kilichoniumiza zaidi ni kusahau. Kazi ya ugani ni kukumbuka: ng'ombe wa nani amehimilishwa lini, nani anasubiri dawa ya minyoo, kikundi gani kinakutana Alhamisi. Nilianza kuandika kila kitu kwenye daftari, halafu nikasahau kufungua daftari. Nilikuwa nasoma barua ya halmashauri mara tatu na bado sijui inataka nini. Nikifika nyumbani saa kumi na moja jioni nalala na viatu. Baba watoto alikuwa anapika, anaogesha watoto, ananifunika blanketi la tatu, halafu ananiangalia tu. Siku moja aliniuliza taratibu kama nimemchoka. Sikuwa na jibu, kwa sababu hata furaha nilikuwa siisikii, na hata huzuni siisikii vizuri.

Nilikwenda kutibiwa, msidhani nilikaa tu. Mara ya kwanza nilipimwa malaria, haikuwepo, nikaambiwa ni taifodi, nikanywa dawa wiki mbili. Mara ya pili niliambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya madini chuma. Damu kweli ilikuwa imepungua. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini imepungua, na mimi sikuuliza.

Kuku ishirini na tatu

Kuna bibi mmoja mjane katika kijiji cha mbali kidogo ambaye kuku ndio benki yake. Mjukuu akihitaji daftari, jogoo anauzwa. Mwezi wa saba nilimwahidi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kuwachanja kuku wake na wa majirani. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na unatakiwa kuwahi kabla ugonjwa haujaingia, kwa sababu ukishaingia hakuna dawa.

Jumamosi ile nililala. Sikuumwa, sikuzuiwa na mtu. Nililala tu, na nilipoamka sikukumbuka kwamba kuna mahali nilitakiwa kuwa. Mwezi wa tisa mdondo ukapita kijijini. Bibi alibaki na vifaranga wawili. Walikufa kuku ishirini na tatu.

Malalamiko yalifika ofisini, na yalikuwa ya haki. Mkuu wangu wa kazi akaniandikia barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nilikaa na karatasi usiku kucha. Nilijaribu kuandika "uchovu" nikafuta. Nani anaandika uchovu kwenye barua ya kujieleza? Wote tunachoka.

Kabla ya kuijibu nikaenda kwa bibi kuomba radhi. Nilimkuta anaanua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Sikukaa. Nilianza kuomba msamaha nikiwa nimesimama, maneno hayatoki vizuri. Bibi akawa haniangalii usoni, ananiangalia chini ya kidevu. Akaniambia nivue skafu. Nikavua.

"Meza mate," akasema.

Nikameza.

"Kuku wamekwenda, hao hawarudi. Lakini wewe si mvivu, nakujua tangu umefika hapa, ulikuwa unakuja kwa miguu na mvua. Hiyo shingo yako inapanda na kushuka na kitu. Marehemu dada yangu alianza hivyo hivyo. Sauti ikawa ya kiume, akawa anaota jua mchana kutwa. Enzi zetu shingo hizo zilikuwa nyingi huku. Nenda hospitali kubwa ukawaambie waangalie shingo, usiwaambie umechoka. Ukiwaambia umechoka watakupa panadoli."

Ndugu msomaji, nimesomea magonjwa ya wanyama. Nimeshika shingo za mbuzi mamia. Kuishika shingo yangu mwenyewe mbele ya kioo sikuwahi.

Vipimo

Nilikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa na kadi yangu ya bima. Safari hii nilikuwa nimeandika dalili zote kwenye karatasi, kumi na moja, na tarehe zilipoanza. Daktari aliisoma yote bila kuongea. Kisha akanipima mapigo ya moyo: 54 kwa dakika. Akanipigisha magoti juu ya kiti, akagonga mshipa wa nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka, lakini ulirudi polepole kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Akaniambia kwa mtu mzima mwenye afya mguu unarudi haraka kama ulivyokwenda.

Akaandika kipimo cha damu kinachoitwa TSH pamoja na kipimo cha homoni yenyewe, yaani T4. Katika maabara nyingi TSH ya mtu mzima mwenye afya iko kati ya 0.4 na 4. Yangu ilikuwa 47, na T4 ilikuwa chini.

Nieleze hapa kwa sababu namba hizi zinawachanganya wengi. Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo, inaitwa tezi ya thairoidi. Inachukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni ya thairoksini. Homoni hii ndiyo inauambia mwili mzima ufanye kazi kwa kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume vipi, joto litengenezwe kiasi gani, hata ubongo ufikiri haraka au taratibu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo ni kama msimamizi. Ikiona thairoksini imepungua, inatoa TSH kuiita tezi ya shingo ifanye kazi. Isipoitikiwa, inaita kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana, maana yake kwa kawaida ni kwamba tezi ya shingo iko chini. Mimi nilipoona 47 nilidhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume chake.

Ndiyo maana dalili ni nyingi na hazifanani. Kila kiungo kimepunguza mwendo, kila kimoja kinalalamika kwa lugha yake. Ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, baridi inaingia, uso unavimba asubuhi, sauti inakuwa nzito, akili inakuwa na ukungu, hedhi inaharibika, lehemu inapanda kwenye damu. Wapo wanaohangaika kutafuta mtoto miaka kadhaa na sababu ikawa hii. Wapo wanaopewa dawa za sonona kumbe chanzo kiko shingoni. Wanaume nao wanapata, lakini wanawake ni wengi zaidi mara kadhaa.

Kwa nini tezi yangu ilichoka? Daktari alipima kingamwili, akasema kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi yangu yenyewe ikidhani ni adui. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, jina la daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Unaweza kujitokeza wakati wowote, na mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni mmoja wa vipindi hivyo. Kuna wanawake ambao tezi inayumba baada ya uzazi halafu inarudi sawa yenyewe. Kwa wengine hairudi. Sababu nyingine ni upungufu wa madini joto, upasuaji wa tezi, matibabu ya mionzi, na baadhi ya dawa za moyo na za akili. Ndiyo maana unatakiwa kumwambia daktari dawa zote unazotumia.

Pale kwenye benchi la hospitali nililia. Haikuwa kwa sababu ya ugonjwa. Nililia kwa sababu kila mwaka nawasimamia wakulima nikiwaambia, "Usimwage mbolea kwa kukisia, pima udongo kwanza." Mimi mwenyewe nilikisia mwili wangu zaidi ya mwaka mmoja, na bibi wa watu akapoteza kuku.

Kidonge kimoja kila asubuhi

Dawa yake ni moja na inajulikana siku nyingi. Mwaka 1891 daktari wa Uingereza, George Murray, alimchoma mgonjwa wake sindano ya majimaji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mama yule alipata nafuu na akaishi zaidi ya miaka 25 akiendelea kutumia dawa ya aina hiyo. Leo hatuhitaji kondoo. Homoni inatengenezwa kiwandani, inaitwa levothairoksini, na inafanana na ile inayotengenezwa na tezi yenyewe. Haiponyi tezi. Inajaza pengo. Kwa hiyo kwa wengi wetu ni dawa ya maisha.

Dozi inategemea uzito, umri, na hali ya moyo. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imeacha kazi kabisa, dozi kamili ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee au mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaanzishwa na kidogo sana, hata 12.5 au 25, kisha anapandishwa taratibu, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole ukiharakishwa ghafla unaweza kuumia. Mimi nilianzishwa 50. Baada ya wiki sita TSH ikashuka hadi 14. Nikapandishwa hadi 100. Kipimo kilichofuata kilisoma 2.6.

Msitegemee muujiza wa siku moja. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nikataka kukata tamaa. Wiki ya tatu choo kikawa sawa. Wiki ya tano nilivua sweta moja bila kujua. Akili ilirudi mwisho kabisa. Siku moja nilisoma barua ya halmashauri mara moja na nikaielewa, nikamwita baba watoto jikoni kumwonyesha. Nywele zilichukua miezi. Uzito ulipungua kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ule uvimbe ilikuwa maji, na kilo nyingine ni za ugali wangu mwenyewe.

Makosa niliyoyafanya, wewe usiyafanye

Kwanza, nilikuwa nakunywa kidonge pamoja na chai ya maziwa. Hii dawa inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula au kunywa chai au kahawa. Mimi sasa nakinywa saa kumi na moja alfajiri ninapoamka kuwasha moto. Chai inakuja baadaye.

Pili, nilikuwa nimebakiwa na vile vidonge vya madini chuma, nikawa navimeza pamoja na dawa ya tezi ili nisisahau. Madini chuma na kalsiamu vinaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Vitenganishe kwa saa nne. Hata baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo zinaizuia. Mwambie daktari au mfamasia.

Tatu, mwezi wa tatu nilijiona nimepona, nikaacha siku kumi. Sikuanguka, nikadhani kweli nimepona. Daktari akanieleza: dawa hii inatoka mwilini polepole, baada ya wiki moja hivi nusu yake bado imo. Ndiyo maana ukisahau siku moja hupati shida, na ndiyo maana pia mtu anayeacha hudanganyika. Dalili zinarudi kwa kunyata kama zilivyokuja mara ya kwanza.

Nne, usiongeze dozi mwenyewe ili upungue uzito au upate nguvu zaidi. Dozi ikizidi moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na kwa muda mrefu mifupa inadhoofika. Vilevile usimgawie jirani kwa sababu amenenepa au amechoka kama wewe.

Tano, baada ya kuanza au kubadilisha dozi, rudi upimwe baada ya wiki sita mpaka nane. Ukipima mapema zaidi, jibu halijatulia. Dozi ikishakaa sawa, wengi hupimwa mara moja au mbili kwa mwaka.

Na kuna hali ya hatari. Mtu mwenye ugonjwa huu ambaye hajatibiwa au ameacha dawa, akapata homa ya mapafu au baridi kali, akawa wa baridi mwili mzima, analala haamshiki vizuri, anapumua polepole, huyo usimfunike blanketi ukasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Akina mama wajawazito na watoto wachanga

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito mtoto anategemea thairoksini ya mama, kwa sababu tezi yake bado haijaanza kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni hiyo. Mama mwenye tezi iliyopungua ambaye hatibiwi ana hatari zaidi ya mimba kuharibika, na mtoto anaweza kuathirika akili.

Kama unatumia dawa hii na ukahisi una mimba, usiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Ni salama, na kwa kawaida mahitaji yanapanda, mara nyingi kwa karibu theluthi moja. Nenda kliniki mara moja, usisubiri tumbo lionekane. Waambie wakupime TSH. Na zile FEFO unazopewa kliniki ni madini chuma, kwa hiyo asubuhi dawa ya tezi, FEFO mchana au usiku.

Wapo watoto wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi. Mara nyingi siku za kwanza wanaonekana wazima. Baadaye manjano haiishi, hanyonyi vizuri, analala mno, choo hapati, sauti ya kulia inakwaruza, ulimi unaonekana mkubwa, kitovu kimetokeza. Watu watamsifu kuwa ni mtoto mpole hasumbui. Mpeleke akapimwe. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza anaweza kukua vizuri kabisa. Akicheleweshwa, akili inayopotea hairudi.

Chumvi, kabichi na mbuzi

Kama afisa mifugo siwezi kumaliza bila hili. Milimani mvua za miaka mingi zimeosha madini joto kutoka kwenye udongo. Udongo ukikosa, majani yanakosa, na mbuzi na mtu wanaokula vya hapo wanakosa. Ndiyo maana nyanda zetu za juu kusini zilijulikana kwa shingo zenye uvimbe, zile alizoziona bibi. Kuanzia miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika maeneo yaliyoathirika, na tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula iwekewe madini joto. Chumvi hiyo imesaidia sana, lakini lazima uitumie vizuri. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti, siyo ya kupimiwa kwenye kiroba kinachokaa juani. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na moto. Itie kwenye mboga mwishoni.

Lakini elewa: mtu mwenye ugonjwa kama wangu hatibiwi kwa kuongeza chumvi wala matone ya madini joto. Madini joto yakizidi yanaweza hata kuizidishia tezi matatizo. Chumvi inazuia upungufu. Dawa ni kidonge.

Kuhusu kabichi, nimeulizwa sana, maana huku ndiko zinakolimwa. Kabichi na mihogo isiyoandaliwa vizuri vina vitu vinavyoibana tezi, hasa kwa mtu anayekosa madini joto. Kabichi iliyopikwa, ya kawaida mezani, na chumvi nzuri, kula bila wasiwasi. Mimi nakula.

Kwa mifugo: mbuzi akizaa watoto wafu, au dhaifu wasio na manyoya, wenye uvimbe shingoni, fikiria upungufu wa madini joto na uniite. Wape mawe ya kulamba yenye madini joto, hasa majike wenye mimba. Lusina ni malisho mazuri yenye protini, lakini ina sumu inayoweza kuvimbisha tezi na kunyonyoa manyoya ikitolewa peke yake. Isizidi theluthi moja ya majani unayompa mnyama kwa siku.

Deni

Barua ya kujieleza niliijibu. Niliambatanisha majibu ya maabara na barua ya daktari. Sikuandika kwamba ugonjwa ndio ulioua kuku. Niliandika kwamba niliahidi na sikufika, kwamba nilikuwa mgonjwa bila kujua, na kwamba sasa natibiwa. Nilionywa kwa maandishi na nikaendelea na kazi. Nadhani ilikuwa haki.

Kwa bibi nilipeleka matetea sita na jogoo mmoja, wote wamechanjwa. Alipokea, akawahesabu, akasema bado kumi na sita. Alikuwa anatania, lakini si sana. Kila miezi mitatu nakwenda mwenyewe, na yeye ndiye anayenipigia simu siku moja kabla kunikumbusha. Akishamaliza habari za kuku ananiuliza kama nimemeza dawa.

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyebadilika taratibu, aliyekuwa mchapakazi sasa analala, analalamika baridi wakati wengine wamevaa mashati, sauti imekuwa nzito, kabla hujamwita mvivu mwandikie dalili zake kwenye karatasi moja na mpeleke akapime TSH. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo ulizia hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Wiki ijayo ni ratiba ya mdondo, safari hii bila kukosa. Andaeni idadi ya kuku wenu, na mabalozi wa nyumba kumi waniandikie nani yuko tayari.